Kasha la Sarafu Likikwaruzika: Jua Mkwaruzo Uko Wapi Kabla ya Kusugua

Wakusanyaji sarafu wa Nairobi tunafahamiana, na kwa kuwa mezani kwangu hakukosi polishi ya plastiki, makasha yaliyochakaa huishia kwangu. Mtu anatoa kwenye bahasha rupia ya Mombasa ya 1888, au senti kumi ya tundu ya 1936, anaiinua kwenye mwanga wa dirisha na kusema, "Angalia, sarafu imekwaruzika." Mara nyingi sarafu yenyewe haina neno. Kilichokwaruzika ni plastiki, na plastiki hutengenezeka. Lakini ukikosea namna ya kuitengeneza, madhara huhama kwenye plastiki yakaingia kwenye sarafu, na yakishafika huko hayatoki.

Mwongozo huu nimeupanga kwa dalili, yaani kile unachokiona kwa macho. Ndani ya kila dalili nimeanza na sababu ninayokutana nayo zaidi, kisha zile za nadra. Soma sehemu mbili za mwanzo hata kama una haraka.

Jua unashika kasha gani

Kasha gumu la kampuni za Marekani zinazothibitisha sarafu na kuzipa daraja la ubora, kama PCGS iliyoanzishwa 1985 na NGC iliyofuata 1987, ni vipande viwili vya plastiki vilivyounganishwa kwa mawimbi ya sauti. Kingo zake hutetemeshwa kwa kasi mpaka zikayeyuka na kushikana. Huwezi kulifungua bila kuacha alama, na ukilifungua, daraja lililoandikwa kwenye lebo halina maana tena. Hata hivyo, kasha hilo halizuii maji. Tone la maji au la polishi likituama kwenye mshono hunyonywa ndani kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Nimeona shilingi ya simba ya 1921 yenye doa la kahawia pembeni kwa sababu mwenyewe aliliosha kasha chini ya bomba, akaamini kwamba kilichofungwa kiwandani hakipenyezi kitu.

Kapsuli ya duara ni jambo jingine. Ina vifuniko viwili vinavyobanwa kwa mkono. Hapo toa sarafu kwanza, ukiishika kwa kingo tu, uilaze juu ya kitambaa safi mbali na meza ya kazi, kisha fanya yote mengine kwenye plastiki tupu. Na ikiwa kapsuli yenyewe ni ya bei ndogo, nunua mpya, usipoteze jioni yako.

Kadi ya mraba yenye dirisha la plastiki nyembamba haisuguliwi kabisa. Ni ya kubadilishwa. Tahadhari iko kwenye pini za stepla: zing'oe zote moja moja kwa koleo dogo kabla ya kufungua kadi. Pini moja iliyosahaulika huburura mstari juu ya sarafu wakati unaitoa, na mkwaruzo huo ni wa milele.

Plastiki ngumu ya makasha mengi ni polistirini au akriliki. Zote mbili huharibiwa na asetoni (na ndiyo iliyo kwenye dawa nyingi za kuondoa rangi ya kucha), thina na petroli. Usizilete karibu. Na ukitaka kujifunza mkono wako kabla ya kugusa kasha la thamani, tafuta kasha tupu la CD. Nyumba nyingi hapa mjini bado zina CD za injili au za benga kwenye droo. Makasha hayo ya CD yametengenezwa kwa polistirini, kwa hiyo yatakufunza namna plastiki inavyokwaruzika, inavyopata ukungu na inavyorudi kung'aa. Mimi simruhusu mtu aguse kasha lenye sarafu kabla hajasafisha kasha moja la CD mbele yangu.

Uchunguzi wa dakika tano

Puliza vumbi kwanza. Tumia kile kipulizio cha mpira cha kusafishia kamera, au brashi laini sana ya kupaka poda ambayo haijawahi kutumika. Usipanguse kwa kitambaa wakati huu. Vumbi la Nairobi, hasa likitoka kwenye barabara za maramu na kwenye majengo yasiyoisha kujengwa, lina chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko plastiki. Unapopangusa kasha kavu lenye vumbi, unapiga msasa bila kujua.

Sasa tafuta alama iko tabaka gani. Washa tochi ya simu, iweke ubavuni mwa kasha, si juu yake. Yumbisha kasha taratibu huku jicho lako likitazama alama. Ikiwa alama inateleza juu ya sarafu, sasa iko juu ya sikio la simba, ukiinamisha iko juu ya mkia, basi iko kwenye plastiki. Ikiwa imeganda palepale kwenye sarafu kila upande unaoinamisha, iko kwenye sarafu, na hakuna polishi itakayoiondoa. Acha hapo.

Ikiwa iko kwenye plastiki, bado hujamaliza. Iko nje au ndani? Pumua juu ya kasha kama unavyopumua kwenye miwani. Asubuhi ya Julai, baridi ikiwa imekaza, ukungu wa pumzi hushika vizuri. Mkwaruzo wa nje utaukata ukungu huo, utauona mstari ndani ya weupe. Mkwaruzo wa ndani utafunikwa, utapotea mpaka ukungu ukauke. Lenzi ya mkono inayokuza mara kumi, kama ile ya mafundi saa, hukupa jibu lile lile: ukiona mstari na chembe za vumbi la juu kwa wakati mmoja, mkwaruzo uko nje.

Mkwaruzo wa ndani hauna tiba ya nyumbani. Ruka mpaka sehemu ya mwisho.

Jaribio la mwisho ni la ukucha. Upitishe kwa wepesi ukikatiza mstari. Ukucha ukiteleza, polishi itatosha. Ukikwama, utahitaji msasa, na hapo pana hatari zaidi.

Dalili: mistari myembamba kama utando wa buibui, huonekana chini ya taa tu

Hii ndiyo ninayoletewa zaidi. Sababu ya kwanza ni kupangusa kukavu, kwa shati, kwa karatasi ya shashi, kwa kanga. Ya pili ni kupanga makasha moja juu ya jingine kwenye droo bila mfuko, kila ukifungua droo yanasuguana. Ya tatu ni kuyatelezesha juu ya meza ya kioo dukani wakati wa kuonyesha wateja.

Anza na kilicho chepesi. Lowesha pembe ya kitambaa cha maikrofaiba kwa maji yenye tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo, kikamue mpaka kisitoe tone, kisha pangusa uso wa kasha bila kufika kwenye mshono. Kausha kwa pembe nyingine. Angalia tena. Nusu ya "mikwaruzo" ninayoletewa ni mafuta ya vidole yaliyoshika vumbi, na huishia hapa.

Ikibaki, ziba mshono. Tumia teipu ya karatasi ya wapaka rangi, izungushe ukingoni kote, uibane kwa ukucha ili isiache nafasi. Ziba pia lebo ikiwa kuna hologramu iliyobandikwa kwa nje, maana polishi huifuta rangi. Kisha chukua polishi ya plastiki. Wakusanyaji wengi duniani hutumia Meguiar's PlastX au Novus namba 2. Mimi nimetumia zote mbili na sina malalamiko. Ukienda kuuliza kwenye maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga, taja waziwazi kwamba unataka polishi ya plastiki ya taa za gari, chupa peke yake. Usichukue seti yenye kopo la kupuliza la kukinga jua, kwa sababu lile la mwisho huwa na kiyeyusho.

Tia polishi kwenye kitambaa, si kwenye kasha, kiasi cha punje ya ndengu. Sugua kwa vidole viwili, mizunguko midogo, nguvu kama ya kufuta machozi ya mtoto. Dakika moja. Futa kwa kitambaa safi, tazama chini ya tochi, rudia. Kurudia mara tatu au nne kwa kawaida huiondoa mistari. Ikibaki miwili mitatu ambayo huioni bila tochi, iache. Kila unaposugua unaondoa plastiki, na plastiki hiyo hairudi.

Dalili: mstari mmoja mzito, ukucha unakwama

Sababu kubwa ni kisu cha kufungulia kifurushi. Mtu amesubiri mzigo wiki tatu, umefika, anapitisha wembe juu ya boksi na ncha inagusa kasha lililo chini ya karatasi moja tu. Zinazofuata ni funguo mfukoni, pini za stepla kwenye bahasha, na kuanguka kwenye sakafu ya saruji. Kasha likiwa limeanguka, kabla ya kitu chochote soma sehemu ya nyufa hapa chini, kwa sababu mkwaruzo unaweza kuwa ndio ugonjwa mdogo.

Simama kidogo ujiulize kama kazi yenyewe inastahili. Kasha lenye sarafu ya shilingi arobaini ya 2003, ile ya miaka arobaini ya uhuru yenye sura ya Kibaki, linaweza kukaa na mkwaruzo wake bila kumdhuru yeyote. Mkwaruzo ukiwa pembeni mwa lebo, mbali na dirisha, mimi siugusi.

Ukiamua kuendelea, karatasi za msasa zinazohitajika ni za maji, namba 2000 na 3000. Namba 1500 ni kwa mstari mzito sana, na chini ya hapo usiende. Ziba mshono kwa tabaka mbili za teipu. Kata kipande cha msasa kitoshe ufutio wa penseli, ukizungushie ufutio huo. Vidole vitupu huchimba mabonde. Msasa uwe na unyevu tu: uchovye kwenye maji, ukung'ute mara tatu, kisha uguse kitambaa. Maji yasionekane yakitembea juu ya kasha. Yakitembea, yatafika kwenye mshono hata kwa teipu.

Piga mistari iliyonyooka upande mmoja, uvuke mkwaruzo na kuenea pande zote kwa upana wa kidole gumba. Hili la kuenea ndilo wengi hulikosea. Wanakomalia mstari wenyewe, wanautoa, lakini wanaacha shimo, na shimo kwenye plastiki huwa lenzi. Kila baada ya miburuto kumi, futa, kausha, angalia. Mstari wa awali ukipotea na kubaki ukungu ulio sawa, badilisha: namba 3000, sasa ukikatiza mistari ya kwanza kwa pembe mraba. Utajua umemaliza namba 3000 pale ambapo mistari ya mwelekeo wa kwanza haionekani tena hata moja. Ikionekana, usikimbilie polishi. Polishi huifanya ing'ae tu, na utaiona vizuri zaidi kuliko mwanzo.

Kisha polishi, kama nilivyoeleza juu, ila safari hii ni kazi ya dakika kumi au kumi na tano, na kitambaa ukibadilishe upande kila mara. Ukungu utaanza kufunguka katikati kwanza, kama kioo cha matatu kinavyotoka mvuke. Usikate tamaa katika dakika tano za kwanza. Toa teipu ukimaliza, pangusa kingo kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na liache kasha limelala chini, uso juu, usiku mzima kabla ya kulirudisha kwenye boksi.

Acha mara moja iwapo utaona unyevu wowote ndani ya dirisha. Usilipashe joto wala kuliweka juani. Lisimamishe mahali pakavu penye hewa, andika tarehe, na anza kupanga kulirudisha kwenye kampuni. Senti kumi ya 1936 ni ya shaba nyeusi, na shaba iliyofungiwa unyevu huota madoa.

Nimeitaja hiyo senti mara ya pili kwa sababu ni sarafu ninayoipenda kuliko zote. Inabeba jina la mfalme Edward wa Nane, aliyejiuzulu Desemba ya mwaka huo huo, na kwa kuwa senti zetu za tundu hazikuwa na sura ya mfalme yeyote, zilitoka na jina lake wakati sarafu nyingi za nchi nyingine hazikuwahi kutoka. Maandishi yake yamezunguka tundu, madogo. Mkwaruzo mmoja kwenye kasha ukipita juu ya jina, umekunyima jambo lenyewe unalolitafuta kuliona.

Dalili: ukungu mweupe uliokataa kutoka

Mara nyingi umesababishwa na matibabu yenyewe.

Sababu ya kwanza ni polishi iliyokauka. Pangusa kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo, ukungu utaondoka. Ya pili ni hatua ya msasa iliyorukwa. Rudi namba 3000, hakuna njia ya mkato. Ya tatu ni dawa ya meno.

Mama mmoja wa Kariobangi aliniletea makasha manne ya marehemu baba yake. "Mwanangu," akaniambia, "niliambiwa Colgate inatoa mikwaruzo, nikasugua kwa mswaki. Sasa baba haonekani." Alimaanisha sarafu, lakini nilielewa alichosema. Mswaki ulikuwa umeacha miviringo mikavu kote, na dawa nyeupe ilikuwa imeingia kwenye herufi za chapa zilizochongwa kwenye plastiki, ikakauka kama chokaa. Dawa ya meno ina chembe za kukwangua. Huweza kufifisha mkwaruzo, lakini chembe zake hazikupimwa kwa ajili ya plastiki ya kuangalia kitu ndani. Mawili kati ya manne yalirudi sawa kwa polishi na subira ya jioni mbili. Kwenye herufi nilitumia kijiti cha meno cha mti kilicholoweshwa, nikachokoa herufi moja baada ya nyingine. Mawili mengine yalibaki na ukungu mwepesi, na nilimweleza ukweli.

Sababu ya nne ni kemikali. Dawa za kusafishia vioo vya dirisha, hasa zenye amonia, huishambulia akriliki ikapata mtandao wa nyufa ndogondogo unaofanana na ukungu. Brasso nayo imo katika kundi hilo hilo. Najua imeng'arisha vifungo vya sare na mikanda ya skauti miaka yote, lakini ni dawa ya chuma. Ina viyeyusho, na mvuke wa amonia ni adui wa shaba na wa shaba nyeupe. Sitaki chupa hiyo iwe chumba kimoja na sarafu zangu. Ukungu wa kemikali ukiwa wa juu juu unaweza kuondoka kwa namba 3000 na polishi. Ukiwa umezama, hautoki.

Sababu ya nadra zaidi ni utando ulio upande wa ndani wa dirisha. Huo huugusi.

Dalili: mstari unaong'aa ndani ya unene wa plastiki, kama unywele wa fedha

Huo si mkwaruzo, ni ufa. Jaribio: ukucha hauusikii, lakini ukiinamisha kasha unawaka wote kwa pamoja kisha unazimika. Husababishwa na kuanguka, hasa kwa pembe. Na kubanwa, mtu ameketi juu ya begi. Na kugusana na kiyeyusho. Na kuachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani kutwa.

Hakuna kusugua ufa. Nguvu ya vidole inaurefusha, na polishi inapenya ndani yake moja kwa moja hadi kwenye sarafu. Usitie gundi pia: gundi za haraka hutoa mvuke unaoganda weupe kwenye plastiki, na ndani ya kasha utaganda juu ya sarafu. Weka kasha ndani ya mfuko safi wa polipropilini, lifunge kwa kitambaa laini, na lipange miongoni mwa yale ya kurudishwa.

Dalili: rangi za upinde wa mvua

Duara za rangi zinazotembea ukibonyeza plastiki kidogo. Ni mwanga unaocheza kati ya nyuso mbili za plastiki zinazokaribia kugusana. Hakuna kilichoharibika, acha kama ilivyo.

Dalili: alama inanata, vumbi limeshika

Ni gundi ya stika ya bei. Chukua kipande cha teipu, ugonge gundi kwa upande unaonata, ugonge, ugonge, nayo itahamia kwenye teipu taratibu. Mabaki yatolewe kwa ufutio mweupe laini. Petroli ya kiberiti cha gesi, mafuta ya taa na thina ambazo watu hupendekezana, zote huila polistirini.

Dalili: utelezi wa kijani

Huu hautokani na kasha gumu bali na mifuko laini ya PVC, ile inayonuka kama mpira mpya. Kilainishi cha plastiki hutoka na kuila sarafu. Toa sarafu kwenye mfuko huo leo, iweke mahali pakavu bila kuisugua, na mpelekee mtu mwenye uzoefu wa kuhifadhi metali. Mfuko utupe.

Dalili: kingo zimepauka au zina alama za kuchokolewa

Nimeiweka peke yake kwa sababu hapa ndipo ninapomzuia mtu mkono. Mshono wenye weupe usio sawa, kona iliyokatika na kurudishwa, au gundi iliyovimba, vyaweza kuwa ushahidi kwamba kasha liliwahi kufunguliwa na sarafu ikabadilishwa. Usizing'arishe. Piga picha kila upande, linganisha nambari ya lebo na ile iliyo kwenye tovuti ya kampuni husika pamoja na picha ya sarafu ikiwa ipo, na ongea na aliyekuuzia kabla ya kugusa chochote. Vilevile, ukipiga msasa kwenye mshono mzima wa kasha halali, utamfanya mnunuzi wa kesho alitilie shaka bila sababu.

Dalili: sarafu inaonekana imepinda au inayumba ukiinamisha kasha

Sababu ya kawaida ni kukomalia sehemu moja kwa msasa. Bonde dogo linaweza kupunguzwa kwa kupanua eneo la namba 2000, lakini kila unapopanua, dirisha zima linazidi kuwa jembamba. Sababu ya pili ni joto la mashine, na hii naijua kwa uchungu.

Rupia yangu ya 1888, yenye jua na taji upande mmoja na mizani upande wa pili, ilikuwa na mkwaruzo mmoja juu ya jua. Nilikuwa sina msasa wa namba 3000 siku hiyo. Fundi mmoja wa kung'arisha taa za magari aliniambia, "Mkubwa, hii ni kazi ya dakika mbili." Alifunga sifongo kwenye drili, akatia polishi, akaibonyeza. Kazi yake kwenye taa za gari ni nzuri, nimeiona. Lakini taa za gari ni polikaboneti, plastiki inayostahimili joto. Polistirini huanza kulainika karibu na nyuzi 100 za Selsiasi, na sifongo inayozunguka hufika huko upesi mahali ilipobonyezwa. Nilisikia harufu kabla sijaona. Alipoinua drili, mkwaruzo ulikuwa umeondoka, na mahali pake palikuwa na kibonde laini chenye ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Miale ya jua ilikuwa imeviringika ndani yake. Kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyejua kilichomo ndani ya kasha.

Kwa hiyo: mkono tu. Hakuna drili, hakuna mashine ya kukaushia nywele, hakuna moto wa kiberiti.

Wakati wa kuacha na kulirudisha kwa wenyewe

Mkwaruzo wa ndani, ufa, unyevu ndani, ukungu wa ndani, plastiki iliyolainika: haya matano hayana tiba mezani kwako. PCGS na NGC wote wana huduma ya kubadilisha kasha, yaani sarafu inatolewa na mikono yao na kufungwa kwenye kasha jipya. Kutoka Nairobi gharama kubwa si ya kasha bali ya safari na bima ya kwenda na kurudi, ndiyo maana wengi wetu hukusanya sarafu kadhaa na kuzituma pamoja. Kabla mzigo haujaondoka, nenda forodha uulize namna ya kuuandikisha kama mali inayotoka kwa muda na itakayorudi, ukiwa na picha na nambari za lebo. Ukisahau hatua hiyo, sarafu yako mwenyewe itakaporudi inaweza kuchukuliwa kama bidhaa mpya unayoiingiza nchini.

Funga kila kasha kwenye mfuko wake, yasigusane. Juu ya boksi, ndani, weka kipande cha kadibodi ngumu, ili wembe wa atakayefungua uishie hapo.

Rupia yangu iko kwenye boksi hilo sasa, pamoja na makasha mawili ya yule mama wa Kariobangi. Tunangoja nyingine tatu ili tugawane nauli.